"Kompyuta Imekataa": Mfanyakazi Aulize Nini?



Siku hizi liko jibu moja ambalo mfanyakazi hupewa akienda kuuliza saa zake za ziada zimekwenda wapi. Zamani aliambiwa, "Karani hajamaliza kuandika." Leo anaambiwa, "Kompyuta imekataa." Akisikia hivyo hunyamaza, akageuka, akarudi nyumbani. Karani aweza kuulizwa na kubanwa, lakini kompyuta nani ataibana?

Sisi tuliopewa kazi ya kuwatembelea wanachama kutoka Jinja hadi hapa Divisheni ya Industrial, Mbale, tumelisikia jibu hilo viwandani, na tumelisikia katika mashamba ya miwa. Kwa hiyo tumeonelea tulieleze. Wengi wenu mliishia shule ya msingi, na hata sisi tunaoandika makala haya tuliishia huko huko. Jambo hili tulifundishwa na vijana wanaofanya kazi ya kompyuta, tukauliza mara tatu, mara nne, hata tukaelewa. Nanyi mtaelewa. Wale makarani wa matawi wanaotunza orodha za wanachama, tunaomba waikate kurasa hii waiweke karibu na meza yao.

JAMBO LILILOTOKEA

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja jina, wafanyakazi wa zamu ya usiku walifanya saa za ziada mwezi mzima. Siku ya malipo ilipofika, hakuna hata mmoja aliyezipata. Waliambiwa kompyuta imekataa, wangoje mwezi ujao. Mwezi wa pili kompyuta ikakataa tena. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema msimamizi amekula fedha, wengine walisema karani, wengine walitaka kuweka zana chini siku ile ile.

Hebu tuhesabu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema saa ya ziada katika siku ya kawaida ilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na katika sikukuu ya taifa ilipwe mara mbili. Mtu anayepata shilingi 1,500 kwa saa, saa yake ya ziada ni shilingi 2,250. Akifanya saa 20 kwa mwezi, ni shilingi 45,000. Kwa miezi miwili ni shilingi 90,000. Kwa mtu anayedaiwa karo na kodi ya nyumba, hilo si jambo la kungoja.

Tuliomba kikao na utawala. Hatukwenda kumshtaki mtu. Tuliomba jambo moja tu: tuonyeshwe maneno yenyewe yaliyoandikwa na kompyuta ilipokataa. Yalikuwa mstari mmoja, na ndani yake namba 2. Kijana tuliyekwenda naye akauliza, "Faili la saa za ziada liko kwenye kompyuta ipi?" Karani akaonyesha kompyuta iliyo mezani kwake. Kijana akauliza tena, "Na hifadhidata ya mishahara iko kwenye kompyuta ipi?" Karani akaonyesha chumba cha pili. Hapo ndipo tatizo lilipojulikana. Kulirekebisha hakukuchukua hata saa moja.

Karani hakuwa mwizi, wala msimamizi hakuwa mwizi. Lakini kosa dogo lililoachwa miezi miwili bila kuulizwa lilitaka kuvunja kiwanda kizima. Ndiyo maana tunaandika.

MSHAHARA HUPITA NJIA GANI

Zamani saa zetu ziliandikwa katika leja kubwa, na mfanyakazi alipanga foleni dirishani apewe bahasha yake. Siku hizi safari ni hii. Saa zinaandikwa langoni kwa kadi au kwa alama ya kidole. Shambani, kazi ya mkata miwa inaandikwa na msimamizi. Karani anazikusanya katika jedwali, kisha anazihifadhi kuwa faili. Faili hilo linapelekwa kwenye hifadhidata, yaani leja kubwa ya kompyuta ambamo jina la kila mfanyakazi limo, pamoja na kiwango chake na makato yake. Hifadhidata hiyo inakaa ndani ya kompyuta moja inayohudumia nyingine zote. Kompyuta hiyo huitwa seva.

Seva ikimaliza hesabu hutoa mafaili mengine: moja la benki, moja la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na moja la chama chenu, lenye majina ya waliokatwa ada. Faili huingia na faili hutoka. Katika milango hiyo miwili ndipo ajali nyingi hutokea.

MTUNZA STOO NA HATI YAKE

Ili tuelewe, tumfikirie mtunza stoo wa kiwanda. Anakaa ndani ya stoo. Wewe huingii, unampa hati kupitia dirishani, naye anakuletea kitu. Hifadhidata ni kama mtunza stoo huyo, na amri anayoandika karani ni kama hati. Mkiishika picha hii mtaelewa mambo mengine yote.

Ukimwandikia mtunza stoo, "Niletee bunda lililo mezani," yeye ataangalia meza iliyo ndani ya stoo, wala si meza yako iliyo ofisini. Asipoliona atakujibu halipo, naye atakuwa amesema kweli. Pia mtunza stoo anatembea kwa kitambulisho chake mwenyewe, si kwa kitambulisho chako. Hata kama wewe una ruhusa ya kuingia chumba cha hesabu, yeye hana. Ukimtuma huko, askari atamzuia.

Makosa mengi yanatoka katika mambo hayo mawili. Sasa tuyapitie kwa utaratibu.

HATUA YA KWANZA: NUKUU MANENO NA NAMBA

Usikubali neno "imekataa" peke yake. Kompyuta ikikataa huandika sababu, na mara nyingi huweka namba. Maneno hayo yanukuliwe yote kwenye karatasi au yapigwe picha kwa simu.

Seva ikiwa inatumia mfumo endeshi wa Linux, namba 2 maana yake faili halionekani mahali palipotajwa, na namba 13 maana yake faili au folda ipo lakini ruhusa hakuna. Ikiwa inatumia Windows, namba 2 ni faili halionekani, namba 3 ni njia ya kufikia faili haionekani, namba 5 ni ruhusa hakuna, namba 32 ni kwamba programu nyingine imelishika faili hilo, na namba 53 ni kwamba kompyuta iliyotajwa haifikiki kwenye mtandao.

Tazameni faida yake. Mtu aliyepata namba 2 hana haja ya kuhangaika na ruhusa, na aliyepata namba 13 hana haja ya kutafuta faili. Namba 32 yenyewe ni kichekesho: mara nyingi karani ameacha jedwali wazi katika Excel huku anaiamuru seva ilisome. Alifunge, ajaribu tena.

HATUA YA PILI: FAILI LIKO KWENYE KOMPYUTA IPI?

Hili ndilo kosa la kiwanda tulichokitaja, nalo hutokea mara nyingi. Karani anaandika kwamba faili liko kwenye diski C, folda ya mishahara. Kwenye kompyuta yake lipo kweli. Lakini amri inatekelezwa na seva, nayo inatazama diski C iliyo yake. Huko folda hiyo haipo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kulipeleka faili kwenye seva, katika folda iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ya pili ni kutumia amri inayosoma faili kutoka kwenye kompyuta ya karani na kulipitisha kwenye mtandao. Katika PostgreSQL, amri COPY husoma faili la seva, lakini \copy ya programu ya psql husoma faili la mtu aliyekaa mezani. Katika MySQL, LOAD DATA husoma faili la seva, lakini ikiongezwa neno LOCAL husoma faili la karani. Neno LOCAL limefungwa katika seva za MySQL tangu toleo la 8.0, mpaka msimamizi wa seva alifungue. Kwa hiyo karani asishangae likikataliwa.

Iko na mtego wa herufi za diski. Karani amezoea kuona diski Z, ambayo kwa kweli ni folda ya kompyuta nyingine iliyounganishwa alipoingia kwa jina lake. Seva haikuingia kwa jina lake, basi haioni Z yoyote. Hapo yafaa iandikwe anwani kamili, yenye jina la kompyuta na jina la folda, na seva ipewe ruhusa ya kufika huko.

HATUA YA TATU: JINA NA NJIA KAMILI

Kama faili liko kwenye seva na bado halionekani, jina litazamwe herufi kwa herufi. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: "Mei.csv" na "mei.csv" ni mafaili mawili. Windows nayo huweza kuficha mwisho wa jina. Karani anaona "saa.csv" kumbe jina kamili ni "saa.csv.txt". Nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina, au kistari kilichobadilishwa, yatosha kuharibu kazi.

Njia nayo iandikwe yote tangu mwanzo wa diski. Kuandika jina la faili peke yake ni sawa na kumwambia mgeni akutane nawe "pale karibu na duka". Duka lipi, la mji upi? Seva itaanza kutafuta kutoka katika folda yake yenyewe, ambako karani hakuwahi kuweka kitu.

HATUA YA NNE: RUHUSA YA NANI?

Hapa twarudi kwa kitambulisho cha mtunza stoo. Seva ya PostgreSQL kwenye Linux huendeshwa kwa kawaida na mtumiaji anayeitwa postgres. Ya MySQL, na mtumiaji mysql. Katika Windows, SQL Server huendeshwa kwa akaunti ya huduma. Mara nyingi mtumiaji huyo ndiye anayeulizwa kitambulisho langoni, wala si karani, wala si meneja.

Makarani wengi hukosea katika kupima. Wanalifungua faili wao wenyewe, linafunguka, kisha wanasema ruhusa ipo. Hiyo ni ruhusa yao. Kipimo cha haki ni kujaribu kulisoma kwa jina la mtumiaji wa seva. Kwenye Linux msimamizi aweza kuandika "sudo -u postgres cat" na kufuatisha njia kamili ya faili. Likisomeka, ruhusa ya mfumo endeshi iko sawa. Likikataa, tatizo limejulikana.

Wala haitoshi faili peke yake kuwa wazi. Kila folda iliyo njiani lazima imruhusu mtumiaji huyo kupita. Mlango wa chumba ukiwa wazi na lango la ua limefungwa, hutafika chumbani. Mafaili yaliyowekwa ndani ya folda ya nyumbani ya karani hukwama kwa sababu hiyo. Folda hiyo ni ya mtu binafsi, na katika Ubuntu, tangu toleo la 21.04, imefungwa kwa watu wengine tangu inapoundwa. Afadhali faili liwekwe katika folda ya kazi ambayo karani anaweza kuweka na seva inaweza kusoma.

HATUA YA TANO: SHERIA ZA HIFADHIDATA YENYEWE

Yawezekana mfumo endeshi umeruhusu, lakini hifadhidata ina sheria yake. Mtunza stoo aweza kuwa na funguo zote, na bado kampuni imemwambia, "Bidhaa za kupokea utazichukua kwenye rafu hii tu."

MySQL ina agizo liitwalo secure_file_priv, linalotaja folda moja ambayo mafaili yataingilia na kutokea. Faili likiwa nje ya folda hiyo, seva hukataa hata kama ruhusa zote ziko sawa. Tena mtumiaji wa hifadhidata lazima awe na haki ya FILE. PostgreSQL, tangu toleo la 11 la mwaka 2018, ina haki tatu mbalimbali: ya kusoma mafaili ya seva, ya kuandika mafaili ya seva, na ya kuendesha programu za seva. Asiye mkuu wa hifadhidata lazima apewe haki inayomhusu. Oracle huanza kwa kuipa folda jina rasmi ndani ya hifadhidata, kisha mtumiaji hupewa ruhusa juu ya jina hilo.

HATUA YA SITA: ASKARI WA PILI

Mambo yote yakiwa sawa na namba 13 bado inatokea, yawezekana yupo askari wa pili. Katika Ubuntu huitwa AppArmor, katika Red Hat huitwa SELinux. Askari huyu hatazami ruhusa za faili tu. Yeye ana orodha yake inayosema programu fulani iguse folda fulani, basi. Akizuia, huandika katika kumbukumbu za mfumo. Kazi ni kusoma kumbukumbu hizo na kuiongeza folda ya kazi katika orodha, wala si kumfukuza askari.

KUIAMURU SEVA IFANYE KAZI ZA NJE

Baadhi ya hifadhidata zaweza kuamrishwa zifanye kazi zilizo nje ya leja: kuhamisha faili, kufungua furushi lililobanwa, kupeleka orodha benki. Katika SQL Server njia hiyo huitwa xp_cmdshell, nayo imefungwa tangu toleo la mwaka 2005 mpaka mkuu aifungue. PostgreSQL yaweza kupokea kutoka kwa programu tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, lakini kwa mwenye haki tu.

Amri hizi zikikataa, sababu ni zile zile: zinatekelezwa kwenye seva, kwa kitambulisho cha seva. Iko na sababu ya ziada. Amri iliyofanya kazi vizuri karani alipoiandika mwenyewe yaweza kushindwa ndani ya seva kwa kuwa seva haijui programu hiyo iko folda gani. Dawa ni kuandika njia kamili ya programu. Tena programu inayouliza swali na kungoja jibu la "ndiyo" itangoja mpaka kesho, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa mbele yake kujibu.

Lakini tunasema wazi: zimefungwa kwa sababu njema. Mtu aliyepenya ndani ya hifadhidata na kukuta mlango huu wazi hataishia kusoma mishahara. Ataiendesha kompyuta nzima kwa uwezo ule ilio nao seva. Afadhali kazi ya kuhamisha mafaili ifanywe nje ya hifadhidata, kwa kazi iliyopangiwa saa yake. Linux ina cron, na Windows ina kipanga kazi chake. Mtunza stoo atunze stoo, dereva aendeshe gari.

DAWA ZILIZO MBAYA KULIKO UGONJWA

Siku ya malipo ikikaribia na faili limekataa, watu hutafuta njia ya mkato. Mkato wa kwanza ni kuifungua folda kwa kila mtu kusoma na kuandika. Mkato wa pili ni kuiendesha seva kwa jina la mkuu wa kompyuta. Mkato wa tatu ni kuwafukuza askari wote. Faili litaingia, kweli. Lakini mlango utabaki wazi baada ya siku ya malipo, na hakuna atakayekumbuka kuufunga.

Ndani ya faili la mishahara mna jina lako, namba yako ya kitambulisho cha taifa, akaunti yako ya benki na fedha unazopata. Folda iliyo wazi kwa kila mtu kuandika ndiyo mahali pa mtu mbaya kuongeza jina la mfanyakazi hewa, au kubadili namba ya simu ya kupokea fedha. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Sheria hiyo inamtaka anayetunza habari zako azilinde, nayo inakupa wewe haki ya kuomba kuona habari zako na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

FAILI LIKIINGIA, KAZI HAIJAISHA

Seva ikisema "tayari", ihesabiwe. Idadi ya mistari iliyo katika faili ilingane na idadi iliyoingia katika hifadhidata. Jumla ya saa zilizo katika karatasi zilizotiwa sahihi na wasimamizi ilingane na jumla iliyo katika kompyuta. Namba za simu zitazamwe, kwa maana Excel huzoea kuondoa sifuri ya mwanzo. Hesabu hizo huchukua dakika chache, nazo huokoa kilio cha mwezi mzima.

FAILI LA NSSF LIKIKWAMA

Tumeanza na saa za ziada kwa sababu mfanyakazi huziona siku ile ile. Lakini faili la NSSF likikwama, mfanyakazi haoni kitu. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha amekatwa, naye anaridhika. Kumbe orodha haikutoka katika seva, au imetoka bila jina lake.

Mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10, jumla asilimia 15. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 hukatwa 15,000, mwajiri huongeza 30,000, na kila mwezi shilingi 45,000 lazima zionekane kwa jina lake. Malipo yatakiwa kufika kabla ya siku ya 15 ya mwezi unaofuata kupita. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kila mwajiri anawajibika, hata mwenye wafanyakazi wachache. Marekebisho hayo hayo yamemruhusu mwanachama aliyefikia miaka 45, na aliyechangia miaka 10 au zaidi, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Miezi iliyokwama inapunguza akiba hiyo, nawe hutajua mpaka siku ya kuihitaji.

Kwa hiyo kila mwanachama atazame akiba yake kwa simu au afike ofisi ya NSSF, Jinja au Mbale. Ailinganishe na karatasi zake za mshahara, mwezi kwa mwezi. Karatasi ya mshahara ni haki yako chini ya Sheria ya Ajira. Usiitupe.

MASWALI YA MWAKILISHI

Mwakilishi wa wafanyakazi akiambiwa kompyuta imekataa, aulize kwa heshima maswali haya na aandike majibu:

1. Maneno na namba iliyotoa kompyuta ni ipi, na ilikuwa tarehe gani?
2. Faili liko kwenye kompyuta ya karani au kwenye seva?
3. Seva yaendeshwa kwa jina la mtumiaji gani, na faili limejaribiwa kusomwa kwa jina hilo?
4. Nani aliyearifiwa kurekebisha, na lini?
5. Ikiwa faili halitaingia kabla ya siku ya malipo, saa zitalipwa kwa njia gani?

Swali la tano lisisahauliwe. Karatasi zilizotiwa sahihi zipo. Saa zilihesabiwa kwa kalamu miaka mingi kabla ya kompyuta kuja, na zaweza kuhesabiwa kwa kalamu tena mwezi mmoja. Deni la mwajiri linatokana na kazi iliyofanywa. Halifutiki kwa sababu faili limekosa ruhusa. Majibu yasipopatikana, jambo liletwe kwenye tawi, na ikibidi lipelekwe kwa ofisa wa kazi wa mji au wa wilaya likiwa na karatasi zake zote.

Ndugu zetu, hatuwaambii mgeuke mafundi wa kompyuta. Fundi ana kazi yake. Lakini mfanyakazi asiyejua kuuliza hujibiwa lolote, na karani asiyeelezwa hulaumiwa kwa kosa asilolitenda. Katika kiwanda kile, wafanyakazi walilipwa miezi yao miwili, na karani yule leo ni mwanachama wetu. Kila mwezi huweka faili katika folda yake ya seva, huhesabu mistari, kisha hubandika hesabu hiyo ukutani, ambapo zamu ya usiku huisoma inapoingia.

Umoja ni nguvu. Tuulize pamoja.